Nyota nne kwa hii famasi ya Bondeni hapa Mombasa, na ile ya tano nimewanyima kusudi

Nianze na la muhimu: ukiwa na haraka usije hapa. Kama wataka panadol mbili za kichwa urudi kazini, maduka ya dawa yamejaa kuanzia Mwembe Tayari mpaka Marikiti, ingia lolote utoke. Hapa watu huja na karatasi ya daktari, dawa za mwezi mzima, tena wengi wao Kiswahili wanakibahatisha na Kizungu ndio kabisa, kwa hivyo laini haiendi mbio na haitakwenda mbio hata ukohoe uangalie saa. Mie nimeshazoea, nabeba maji yangu nakaa kwenye lile benchi karibu na feni nasubiri zamu.

Ila tangu tuhamie hapa hatujabeba dawa ya mtu mwingine, na kwangu hilo ni la kwanza kabla ya bei na kabla ya tabasamu.

Tulikohama sitakutaja, sina haja ya kumharibia mtu riziki yake. Mamamkwe wangu ni Mgiriama wa huko ndani upande wa Kaloleni, Kiswahili anakisikia cha sokoni, kwa bei ya nazi humdanganyi, lakini ukianza kumwambia mambo ya vidonge, kutwa mara mbili, baada ya chakula, usichanganye na hiki, anakuitikia tu. Ana presha. Sasa siku hiyo alikwenda kuchukua dawa na mtoto wa jirani, kaunta wakaita "Kadzo! Kadzo ni wewe?" akaitikia, akapewa mfuko akaja nao nyumbani. Na Kadzo ni yeye kweli, lakini Pwani hii simama kwenye laini yoyote uite Kadzo uone watageuka wangapi. Mume wangu ndiye aliyeona boksi silo, kusoma ni glibenclamide, dawa ya sukari, na mama hana sukari.

Kwa asiyejua, hiyo dawa inalazimisha kongosho litoe insulini, sukari yako iwe juu isiwe juu. Mpe mzee asiye na kisukari, tena hajala vizuri, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, kuzirai, na akicheleweshwa kupelekwa hospitali anaweza kufa. Na nyumbani mtakaa mseme ni uzee huo, ama presha imepanda, mumpe maji ya limau. Tuliporudisha mfuko tukaambiwa "lakini mama mwenyewe si ndiye aliyeitikia?" Yule Kadzo mwingine naye siku hiyo alikwenda na nini, mpaka leo hatujui.

Hiyo "si ndiye aliyeitikia" ndiyo iliyonikera mpaka nikatafuta mahali pengine. Mtu asiyejua lugha yako atakuitikia jamani. Hadanganyi, ni adabu, ni uchovu, ni haya ya kuulizwa mara ya tatu huku watu nyuma wanapumua, na ni ile kuona dokta ni mtu mkubwa hawezi kukosea. Duka la dawa linalotegemea "ndiyo" ya mteja litampa mtu dawa isiyo yake, swali ni lini tu. Hawa wa Bondeni ndiyo yako hawaitaki.

Ukifika kaunta hawakuulizi "wewe ni fulani?" Wanakuuliza "jina lako kamili nani?" halafu wananyamaza, wanangoja utaje mwenyewe. Waweza kuona ni kitu kidogo lakini hapo ndipo mfuko usio wako unapokwama, manake huwezi kuitikia swali ambalo jibu lake si ndiyo wala la. Kama mtu hata hilo swali halijampata, anaombwa kitambulisho ama kadi ya kliniki kwa ishara ya mkono. Halafu kitu cha pili, namba ya simu. Nlimuuliza kijana wa kaunta kwa nini sio tarehe ya kuzaliwa kama hospitali zingine akacheka, akasema fungua vitambulisho vya wazee wetu wa Pwani na wa kutoka kaskazini, nusu yao wamezaliwa 1 Januari, wenye mwaka mmoja ndio hao hao, sasa itanisaidia nini? Kweli kabisa, mama yetu pia ni wa 1 Januari, siku yenyewe aliyozaliwa anayeijua ni Mungu. Na wakiwa na wateja wawili wa jina moja, kwenye majalada yao wanabandika stika nyekundu, Fatma Ali wako wengi, Said Mohamed wako wengi, wote wana stika.

Kisha mfuko unafunguliwa mbele yako. Hapa ndipo wenye haraka wanapoanza kunung'unika. Hawakupi mfuko uliofungwa na risiti imepinwa juu, la, kila dawa inatolewa, inawekwa kwenye trei ndogo ya plastiki, stripu inageuzwa uone rangi ya kidonge, wewe uliyekuwa ukimeza cheupe cha duara mwezi jana uone leo ni cha njano kirefu useme. Mara nyingine ni dawa ileile kampuni tofauti, wanakueleza. Mara nyingine sio.

Mama alivyoenda pale mara ya kwanza nlikuwa naye. Yule kijana ni Mgiriama, akamuamkua kwa lugha yao, mama akakaa vizuri kwenye kiti, uso ukafunguka, nami nikajua leo nitakaa kimya. Dokta, sote twamuita dokta ingawa mwenyewe husema mie ni mfamasia, akatoa bahasha tatu za karatasi zilizochorwa: jua linatoka, jua la utosini, mwezi. Sio za kuprinti za maridadi, zimechorwa kwa kalamu ya wino mweusi zikatolewa kopi. Dawa za mama ni tatu, amlodipine, ile ya kutoa maji mwilini hydrochlorothiazide, na ya mafuta ya damu atorvastatin. Wakampangia vidonge kwenye trei halafu, hawakumwambia kitu! Kijana akamwambia wewe nyumbani unamezaje, nionyeshe.

Mama akachukua cha presha akaweka kwenye jua linatoka. Sawa. Cha mafuta kwenye mwezi. Sawa. Kile cha kutoa maji, huku anajiamini kabisa, akakisukuma kwa kidole mpaka kwenye mwezi. Nikataka kudakia, dokta akaniinulia kiganja. Kijana akamuuliza kwa Kigiriama, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja? Mama akacheka mpaka akashika mdomo, akaanza kueleza kwa mikono, anaamka, anatafuta tochi, anarudi, hajapata usingizi anaamka tena, na mlango wa choo huko nje unalia mpaka jirani anakohoa. Mie nakaa na huyu mama nyumba moja na nilidhani ni utu uzima! Kumbe ile dawa ya asubuhi anaimeza akienda kulala, miezi na miezi, na karatasi ilikuwa imeandikwa OD. Nani kwetu anayejua OD. Hiyo ni mara moja kwa siku kwa lugha yao ya hospitali, tena haikusema mara moja hiyo ni lini.

Kijana akakirudisha kidonge kwenye jua, akamwambia sababu, halafu akavichanganya vyote tena kwenye trei akamwambia haya, nionyeshe upya. Akapatia. Hapo ndipo wakafunga.

Na hawakuishia hapo, wakamuuliza ana dawa gani nyingine anazomeza za dukani ama za mtaani. Mama akasema hana. Wakamuuliza magoti je? Ahaa, ya magoti anayo, akafungua kanga pembeni akatoa karatasi ya diclofenac aliyokuwa anauziwa na kibanda cha karibu na nyumbani, kwake hiyo sio dawa ni ya magoti tu. Dokta akaeleza kwamba aina hiyo ya dawa za maumivu hupandisha presha na huzuia dawa za presha zisifanye kazi yake sawasawa, akamuandikia barua aonyeshe kliniki wambadilishie. Hilo lingetoka wapi kama tungepewa mfuko tukaenda zetu?

Kuna kitu kwenye lebo nilikipenda, saa hawaziandiki kwa namba. Kompyuta ikisema 8 am ni saa mbili yetu asubuhi, na yuko mzee akiona 8 atameza saa nane baada ya adhuhuri, na nani wa kumlaumu. Wala ile 1x3 hawaandiki, manake yupo anayeisoma kwamba ni vitatu kwa mpigo. Picha tu, na idadi ya vidonge vimechorwa vyenyewe, kimoja ama viwili ama nusu. Ramadhani wana bahasha zao tofauti za daku na futari, ila kwanza wanakuuliza daktari wako kasema ufunge ama la, na kuna watu wamerudishwa kliniki wakaulize kwanza, hasa wa sukari. Kuna mzee aliondoka akinung'unika kwamba dokta si mufti. Ni kweli si mufti, lakini mzee anadunga insulini.

Dawa za watoto ndizo nusu ya nyota zao. Ile ya maji ya amoxicillin inakuja unga ndani ya chupa, inatiwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, na iko ya 125 na iko ya 250 kwa kila mililita 5, chupa zinafanana kama pacha, ukikosea hapo mtoto amepata dozi mara mbili ama nusu. Sasa mama wa Kisomali alikuja na kitoto mgongoni, Kiswahili chake ni "haya" na "asante". Yule dada wa Kisomali wa pale kaunta akamchanganyia mbele yake, akachukua bomba la sindano lile lisilo na sindano, akapiga mstari kwa kalamu pale dawa inapotakiwa kufika, akavuta maji akamuonyesha, akampa naye avute. Mama akavuta mpaka juu kabisa. Wakamwaga, akavuta tena, akasimama kwenye mstari. Vijiko vya nyumbani hawataki kuvisikia, kwani kijiko cha chai cha kwako na cha kwangu havilingani. Halafu kwenye chupa wakachora siku za kutumia, moja moja, awe anakata kwa biro, na siku zikiisha kinachobaki kimwagwe, hakiwekwi kwa ajili ya kikohozi kingine.

Na ya malaria ni hivyohivyo, mtoto anapimwa kilo palepale kwenye mizani. Zile dawa mseto za artemether na lumefantrine hupewa kwa uzito, wa kilo 5 hadi 14 ni kidonge kimoja kimoja, 15 hadi 24 viwili, na kuendelea, mara mbili kwa siku, siku 3, dozi ya pili ikifuata ya kwanza baada ya masaa 8. Wazazi wengi wanapewa paketi kwa macho, "huyu ni wa miaka mingapi? haya chukua hii". Huku wanapima.

Sasa hili la watoto kutafsiri, hapa nitakaa kidogo manake nimeliona kwa macho. Mama mmoja alikuja na kijana wake wa kama darasa la tano, mtoto ndiye anayejua Kiswahili. Karatasi ilikuwa ya dawa za ndani za kike, za kuingiza. Dokta akaanza kueleza, mtoto akageuka kumwambia mamake maneno mawili tu akanyamaza, masikio yamekuwa mekundu, anaangalia viatu. Dokta maelezo ya dakika nzima, mtoto maneno mawili. Akasimama. Akamwambia yule mtoto mwanangu nenda kaniangalizie mlango, akamuita dada wa Kisomali, wakaingia naye yule mama kile chumba cha nyuma. Mtoto akapumua! Pale hawakubali mtoto atafsiri dawa, iwe ni familia iwe nini, kama hakuna mfanyakazi anayejua lugha wanampigia simu mtu mzima wa nyumbani wanaweka spika. Hata mtu mzima wa familia wanamkatisha akianza kufupisha, "hapana, mwambie yote, halafu yeye aniambie mie". Mume akimjibia mke, ndio kabisa, wanamgeukia mke.

Huko Marekani nasikia jimbo la New York lilitunga sheria 2012 kwamba maduka makubwa ya dawa lazima yatoe tafsiri ya maelezo bure, na California lebo zina maelezo yaliyotafsiriwa tayari. Sisi tusijione yatima lakini, sheria yetu ya afya hapa Kenya ya 2017 inasema mhudumu wa afya, pale inapowezekana, akueleze kwa lugha unayoifahamu na kwa kiwango chako cha kusoma. Imeandikwa. Na katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mteja haki ya maelezo ya kutosha juu ya alichonunua. Watu wetu wanadhani ni hisani wanafanyiwa. Si hisani.

Mabaharia nao. Meli zikitia Kilindini utawakuta wawili watatu wameletwa na ajenti, Mfilipino Kizungu kinampata, lakini kuna wengine, wa Burma ama wapi, hakipatikani hata kimoja, kashika boksi tupu anaonyesha kwa kidole. Hapo dokta anatumia programu ya kutafsiri kwenye simu, ila anavyoitumia nimemvulia kofia: sentensi fupi fupi, anatafsiri kwenda, halafu anachukua ile tafsiri anairudisha kwa Kizungu aone imerudi vilevile. Ikirudi na mambo ya ajabu anafuta anaanza na maneno mengine. Na mwisho bado ni zile bahasha za jua na mwezi, na nionyeshe.

Boksi la nje haamini jina kubwa la juu. Alikuja mzee wa Kitaliano anayekaa Mtwapa na boksi la kwao, anataka hilo hilo, dokta akaligeuza akatafuta maandishi madogo chini, lile jina halisi la dawa lenyewe ambalo WHO wanaliratibu dunia nzima tangu miaka ya 1950. Nikamuuliza mbona asiangalie tu jina kubwa akanipa mfano, Flomax kwa Marekani ni tamsulosin, dawa ya wazee wa tezi dume wasioweza kukojoa vizuri, na kwa Italia jina hilohilo Flomax limekuwa la dawa ya maumivu na uvimbe, dawa nyingine kabisa, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo 2006 juu ya majina ya namna hiyo. Kwa hivyo mtu anaweza kukutajia jina sawasawa, matamshi safi, na bado umpe siyo.

Hata majina ya humu ndani ni mtihani. Nyuma ya kaunta ukichungulia utaona carbimazole iko rafu ya kule na carbamazepine rafu ya huku, moja ya tezi la shingo na nyingine ya kifafa, herufi nne za mwanzo zilezile. Metformin ya sukari wameitenga na metronidazole, ile wengi twaijua kwa Flagyl. Na kwenye vibandiko vya rafu sehemu inayotofautiana imeandikwa kwa herufi kubwa, carBAMazepine, jicho likwame hapo, mtindo ambao Marekani wameuhimiza tangu 2001. Yaani hapo ni kabla hata mteja hajafungua mdomo, kosa lingekuwa limeshafanyika.

Haya, nyota ya tano.

Kwanza faragha hakuna. Ile "hii dawa umeambiwa ni ya nini, na wewe wasemaje?" wanayowauliza wateja inaulizwa kaunta, watu wamesimama nyuma yako futi moja, wengine mwaishi mtaa mmoja. Kwa mama na presha yake hakuna neno, presha ni ya kila mtu. Lakini nimemuona kijana mmoja akiulizwa hivyo, akanyamaza, akaangalia nyuma, akasema ntarudi. Akatoka bila dawa. Sijui ilikuwa dawa ya nini na sitaki kujua, ninachojua ni kwamba ametoka bila dawa, na hiyo nayo ni hasara, tena inaweza kuwa kubwa kuliko kubadilishiwa mfuko. Chumba cha nyuma wanacho! Wanakitumia wakiamua wao. Wekeni basi mstari sakafuni wa kusimama mbali na kaunta, ama kila mwenye karatasi ya daktari aingie ndani, habari za ugonjwa wa mtu sheria ya 2019 ya kulinda data imeziita nyeti, si za kusikilizwa na laini.

Pili, mfumo wote umekaa kwenye mabega ya watu wawili. Yule dada wa Kisomali akiwa likizo, na yule kijana akienda matanga Kaloleni, hapo wanarudi kuwa famasi kama famasi nyingine. Nilikwenda Jumamosi moja hawapo wote, nikakuta mwanafunzi wa mazoezi anamuuliza mzee wa Kiduruma kwa sauti kubwa "umeelewa mzee? Umeelewa?" kana kwamba mzee ni kiziwi, na mzee anaitikia. Dokta alikuwa ndani na simu. Nlikwenda nikamuita mie mwenyewe, akatoka mbio, akaanza upya, sawa, lakini nisingekuwepo? Hili la kuuliza nionyeshe halihitaji Kigiriama, linahitaji bahasha na trei. Mfundisheni kila anayevaa koti jeupe siku ya kwanza kabla hamjamuonyesha droo ya pesa.

Tatu ni dogo, lebo ya kompyuta bado ni ya Kizungu kitupu, bahasha iliyochorwa ndiyo inayosaidia, na bahasha ikilowa ama ikipotea mtu amebaki na Kizungu. Programu yao haiwezi kuchapa hata Kiswahili? Hapa Mombasa?

Bei iko juu kidogo kuliko za Digo Road, si sana, na ukipata dawa ya kampuni ya bei nafuu wanakuambia wenyewe. Leseni imetundikwa ukutani mahali inaonekana. Jumapili wanafunga. Asubuhi mapema ndio nzuri kabla matatu za kutoka bara hazijamwaga watu. Njoo na kadi ya kliniki, njoo na dawa ZOTE za nyumbani kwenye mfuko hata zile unazoona si dawa, na kama unamleta mzee msiende mkamjibia, kaeni benchini. Mpesa inakwenda, mashine ya kadi mara nyingi imelala. Na ukikuta laini imefika mlangoni usithubutu kuuliza kwa sauti kwani leo hawa wana nini, kuna mabibi pale wataanza na wewe kabla ya dawa zao.